Mkono wa Kumshikia Nunu

Mwaka niliopata kiharusi ni ule tuliokula mashelisheli mpaka watoto wakawa wanakunja nyuso wakiyaona. Mchele ulikuwa haushikiki, mbatata ndiyo usiseme, hata wauza urojo walijaza chipsi za muhogo kwenye bakuli na mbatata ukawa unaitafuta kwa kijiko. Tukarudi kwenye chakula cha bibi zetu: shelisheli la nazi, muhogo wa nazi, ndizi mbichi, boga. Mimi sikulalamika. Shelisheli likipikwa na mtu anayejua, likatiwa tui zito na papa kidogo pembeni, wali unakaa kando.

Asubuhi ile nilikuwa nyumbani, mtaa wa Malindi, karibu na bandari, nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi. Nunu, mjukuu wangu, alikuwa mlangoni akingoja nimpe kipande atafune. Nazi ikanidondoka. Nikaiokota, ikanidondoka tena. Nikautizama mkono wangu wa kushoto, nikauambia shika, nao umelala pale mapajani kama samaki wa jana. Nikamwita Nunu, maneno yakatoka kama ya mtu mwenye uji mdomoni. Mtoto akacheka.

"Bibi, sema tena hivo."

Alidhani nnamchezea. Nilipoanguka ubavu juu ya machicha ndipo alipokwenda kumwita jirani.

Nyumba yetu gari haifiki. Walionitoa ni mahamali wa bandarini, wamenikalisha kwenye kiti cha mbao, wawili wamenibeba na mmoja katangulia anapiga kelele, "Simile! Simile!" kama kwamba nilikuwa gunia la karafuu linalowahi meli. Hiyo ndiyo kelele yetu ya kuomba njia, tangu na tangu. Ukiisikia unajibana ukutani, mzigo unapita. Siku ile mzigo nilikuwa mimi, na watu niliowajua maisha yangu yote wamejibana ukutani wananitizama, mdomo umekwenda upande, mate yananitoka. Mimi, Kazija, niliyekuwa sitoki mpaka nijitizame kiooni mara mbili.

Nnaandika haya kwa wenzangu waliopata maradhi haya na huku wana wajukuu wa kuwashika mikono. Mambo ya mishipa na damu waulizeni madaktari. Mimi ntasema niliyoyaona.

Hospitali nilikaa kidogo, lakini mabenchi ya kusubiria nimeyakalia mpaka nikayajua lipi lina msumari. Mwanzoni niliwachukia watu wa pale. Nilikuwa nimejifunika ukaya mpaka puani ili mdomo usionekane. Siku moja mwanamke wa Donge, tumekaa naye bega kwa bega, mumewe amepooza yuko kwenye kiti cha magurudumu, akanimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa yake. Nikanywa, nusu ikanimwagikia kidevuni. Hakusema pole. Alichukua ncha ya kanga yake akanifuta, huku anaendelea kunisimulia habari za mbuzi wake aliyezaa mapacha. Mpaka leo nikimkumbuka namwombea dua. Tangu siku ile nikaushusha ukaya.

Nilipotoka sikurudi Malindi. Ngazi za nyumba yetu ni za kupanda kwa mikono na magoti hata kwa mzima. Mwanangu Mbarouk akanichukua kwake Fuoni, mimi na Nunu pamoja. Nunu ni binti yake, lakini tangu alipoacha ziwa nilikuwa naye mimi mjini, maana Mbarouk na mkewe Salma wote wanafanya kazi. Alikuwa na umri wa miaka minne. Mtoto wa mjini hasa, mwembamba, mdomo mkubwa.

Nyumba ya Mbarouk ni nzuri, ina bati jipya na bomba ndani. Lakini ukifungua geti, barabara kubwa hii hapa. Gari zinapita kutwa, za mchanga, za matofali, za watalii, na bodaboda katikati yake. Usiku nilikuwa nikizisikia, nikaikumbuka njia yetu.

Njia yetu ya Malindi ukinyoosha mikono unagusa kuta za pande mbili. Watoto wangu wote nimewalea pale na sikuwahi kumwambia hata mmoja "angalia gari," kwa sababu gari gani? Kulikuwa na baskeli na kengele zake, kulikuwa na mikokoteni ya mahamali. Mtoto akitoka mlangoni anatoka mbio, bila kutizama, na wala hakuna anayemkemea. Akianguka, anayemwinua ni yeyote. Jioni tukikaa barazani, wanawake tunasuka ukili wa mikeka, unamwona mtoto wa mwenzio anapita unamkamata unampangusa kamasi, unamwachia. Huulizi ni wa nani. Siku hizi Vespa zinaingia mpaka mule ndani, lakini Vespa angalau inapiga kelele kabla haijafika.

Nunu alikulia humo. Akajifunza kwa mahamali. Akikimbia kwenda dukani anainua mkono mmoja juu, anapiga kelele, "Simile!" na watu wazima na vipara vyao wanajibana ukutani kumpisha, wanacheka. Hata hamali mwenye gunia kichwani alikuwa akisimama, "Haya pita, bosi." Ndivyo mtoto wangu alivyoijua dunia. Akisema simile, dunia inampisha.

Masika yale yote nilikuwa mtu wa kukandwa. Asubuhi Salma kabla ya kwenda kazini ananikanda kwa maji ya moto na mafuta, mchana nalala, na siku za hospitali Mbarouk ananipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi, binti mmoja wa bara, Neema. Alinipa kazi za kitoto. Hamisha choroko kutoka bakuli hili kwenda lile. Kamua kitambaa. Bana nguo kwenye kamba. Nikamwambia, "Mwanangu, mie nimekamua tui la harusi nzima kwa mikono hii, leo wanipa choroko?" Akasema, "Bibi, kamua kwanza kitambaa, tui litakuja." Jeuri kama mimi. Nikampenda.

Mguu ulirudi mwanzo. Mdomo ukarudi, si wote. Mkono ukawa unakunja vidole. Mvua zilipokatika nilikuwa nnatembea kwa mkongojo, na nilitaka kitu kimoja tu: kumshika mkono mjukuu wangu nimpeleke chuoni kusoma Kurani, kama nilivyokuwa nikimpeleka Malindi. Chuo kiko ng'ambo ya barabara, ukisimama getini unawasikia watoto wanavyosoma.

Salma hakutaka.

"Mama, ningoje mie nkirudi nimpeleke. Au jirani."

"Mie nimevusha watoto kabla wewe hujazaliwa."

"Umevusha wapi, Mama? Malindi kuna barabara gani?"

Maneno yale yalinichoma, kwa kuwa yalikuwa kweli. Nikamtizama Mbarouk. Mbarouk ni mtoto wangu wa mwisho, hajui kunikatalia. "Mwache Mama," akasema. "Chuoni hapo tu."

Basi siku ya pili, baada ya alasiri, nikavaa buibui langu, nikajitizama kiooni mara mbili. Mkongojo nimeushika kwa mkono wa kulia, maana bila ya huo nnaanguka. Nunu nikamshika kwa wa kushoto. Ana juzuu yake kwenye mfuko wa kitambaa, anaruka ruka. Tukasimama ukingoni mwa barabara tunangoja gari zipite. Nilikuwa nimemshika. Nakwambieni nilikuwa nausikia mkono wake ndani ya mkono wangu, mdogo, una jasho.

Nikasikia, "Simile!"

Sauti ilitoka mbele yangu.

Nikainua macho, nikamwona mjukuu wangu katikati ya barabara, mfuko kifuani, mkono mmoja juu kama hamali. Na gari ya mchanga inakuja.

Dereva alishika breki mpaka gari ikaserereka upande. Mchanga wote uliokuwa nyuma uliruka juu ya kichwa cha gari ukamwagika mbele barabarani, na sepetu zake, na kopo la maji la yule dereva. Vumbi likafunika. Mie sikuweza kukimbia. Niliuacha mkongojo, nikaenda hatua mbili, nikaanguka kwa magoti.

Vumbi lilipotua Nunu alikuwa amekaa chini kwa matako, mchanga mpaka nyusini, bampa liko mbele ya uso wake. Hakuwa na jeraha ila goti. Alikuwa hata halii. Ananitizama mimi, amekasirika.

"Bibi, mbona haikunipisha? Nimesema simile."

Dereva alishuka, akakaa juu ya ule mchanga wake uliomwagika. Kijana, mtu mwenye watoto pia, aliniambia baadaye. Akauliza, "Bi mkubwa, nani kamwachia huyu mtoto?"

"Nimemshika," nikamwambia. Na nikamnyanyulia mkono wangu wa kushoto kumwonesha. Vidole vilikuwa bado vimekunjika, vimeshika vizuri kabisa, na ndani yake hamna kitu.

Yule kijana aliutizama mkono, akatizama pembeni. Alimbeba Nunu, akatuvusha, akarudi kuzoa mchanga wake.

Salma hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Jioni alinikogesha kama kawaida, akanisugua mgongo, akanimwagia maji. Kisha nikasikia anavuta pumzi kwa mikato mikato nyuma yangu, nikajua analia na anatumia kelele ya kata ya maji kujificha. Akanifuta, akanivika, ndipo aliposema.

"Mama, sikulaumu. Lakini Nunu humtoi tena peke yako."

"Basi nirudisheni Malindi."

"Na hizo ngazi?"

"Ntakaa chini. Ntakaa barazani. Ntakufa barazani kwangu, Nunu atacheza mbele yangu na gari haipiti."

Nilisusa kula. Mbarouk alileta mkate wa kumimina ninaoupenda, nikaugeuzia uso. Nyumba ikawa nzito. Usifikiri maradhi ni mkono na mguu tu. Maradhi ni pale mkwe wako anapoficha ufunguo wa geti juu ya kabati, na wewe unajua yuko sawa, na bado unamchukia mpaka magharibi.

Siku ya mazoezi nikamweleza Neema. Nilidhani atanipa pole. Akasema, "Fumba macho, Bibi." Nikafumba. Akanitia kitu mkononi. "Umeshika nini?"

"Kidole chako."

"Unakisikia?"

"Nakisikia, kwani mie kiziwi?"

"Kishike usikiache. Bado unacho?"

"Ninacho."

"Fumbua."

Nikafumbua. Amekaa kule upande wa pili wa meza, mikono yote miwili kaikunja kifuani kwake.

Neema akaniambia kwa upole, "Bibi, mkono wako una nguvu kuliko zamani. Lakini haukuambii kweli. Ukishika kitu unakumbuka kuwa umekishika, basi. Kikitoka, haukuarifu." Halafu akaniuliza kwa nini mtoto alikuwa upande wa mkono mbovu. Nikamwambia kwa sababu mkongojo uko upande mzima. Akasema, "Basi ulikuwa unajishika wewe vizuri, na mtoto kwa kumbukumbu."

Binti mdogo vile. Nilirudi nyumbani nikala.

Sasa nisikilize, mwenzangu mwenye kiharusi. Mkono uliopona nusu usiupe mtoto. Upe kikapu, upe kitambaa, upe choroko. Mtoto anashikwa kwa mkono mzima, na hashikwi vidole, anashikwa kifundo cha mkono, maana vidole vya mtoto vinateleza kama pweza. Na anakaa upande wa ukuta, wewe upande wa gari. Kama mkono mzima unauhitaji kwa mkongojo, basi huna mkono wa kumshikia, tafuta mtu. Mimi nilimwomba jirani, mama muuza mandazi, akawa anatuvusha sote wawili, mimi kanishika na mtoto kamshika. Siku ya mwanzo niliona haya mpaka masikio yakawaka. Siku ya pili tulikuwa tunacheka.

Na Nunu nikamfundisha upya. Kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko choroko. Tulikuwa tunaleta viti viwili ndani ya geti, mchana jua likipungua, tunazitizama gari kupitia kwenye vyuma.

"Ile itakupisha?"

"Haitanipisha."

"Kwa nini?"

"Haina masikio."

"Basi unafanya nini?"

"Nnasimama, nnashika mtu mkubwa, nnatizama huku, nnatizama huku, mpaka isiwepo."

"Na simile?"

Hapo alikuwa akiinamisha kichwa. "Simile ya Malindi."

Lilikuwa likiniuma lile. Nilikuwa nikimwondolea kitu alichopewa na mtaa mzima, na mimi ndiye nimekipenda kuliko yeye. Lakini nilimwondolea.

Yeye naye akawa fundi wangu. Alimwona Neema siku moja, akaiga. Nnafumba macho, ananitia vitu mkononi, mimi nnabahatisha. Pilipili, kokwa ya ubuyu, tasbihi, kipande cha sabuni. Mara nyingi alikuwa hatii kitu, anangoja tu niseme uongo, kisha anagaagaa kwa kicheko. Kusi likavuma likakatika, tukaingia vuli, na mimi nikawa nnasikia sisimizi kwenye vidole, kisha joto, kisha baridi ya sabuni. Siku moja tumekaa pale getini, bodaboda ikapita na kijana amepandisha gurudumu la mbele, Nunu akachomoka kwenda kumwona, na mkono wangu wa kushoto ukamkamata wenyewe kabla sijaufikiria.

"Bibi, unaniumiza."

Tangu harusi yangu sijafurahi vile.

Wakati huo huo Salma alinunua kiti cha mtoto cha kufunga ndani ya gari ya Mbarouk, cha mtumba, kutoka soko la Darajani. Kina mikanda kama cha rubani. Mbarouk akacheka, akakiita kiti cha mfalme. Mimi mwenyewe nikacheka. Sisi zama zetu watoto tumewapakata. Nimempakata Mbarouk kwenye teksi kutoka Malindi mpaka Bububu, dirisha wazi, kichwa chake kifuani kwangu kinanuka mafuta ya nazi, karafuu zimeanikwa kando ya njia na harufu inaingia ndani, na njia nzima tunakutana na gari mbili na ng'ombe. Hakuna kiti kitakachokupa hayo. Lakini nilipomwona Salma anakifunga, anakivuta kwa goti lake kuona kama kinatikisika, nikaukumbuka ule mchanga ulivyoruka juu ya kichwa cha gari. Mchanga mzito, wa kuchota kwa sepetu. Uliruka kama unga. Nikamwambia Salma, "Kaza na huo mkanda wa huku." Tukatizamana. Ndivyo tulivyopatana.

Kaskazi ilipoanza, daktari akaniambia nisirudi mpaka miezi kadhaa ipite. Na mwezi huo huo kukawa na harusi ya binti wa kaka yangu, kule Makunduchi. Asubuhi ya safari uwanja umejaa masufuria. Wifi yangu Bi Mize kaja na sufuria la biriani, madeli ya chai, marobota ya nguo, na shangazi mmoja zaidi ambaye hakualikwa. Mbarouk akazunguka gari, akakuna kichwa, kisha akakitoa kiti cha Nunu akakiweka barazani.

"Mama, wewe utakaa mbele na Nunu umpakate. Tunakwenda polepole."

"Sipakati mtoto ndani ya gari."

Bi Mize akatoa kichwa dirishani, keshakaa. "Kazija, nini tena? Huyu hata kilo hana."

"Kama hana kilo mpishe akae kwenye kiti chake, weye panda robota."

"Au mkono bado, mwenzangu? Sema tu, hatucheki."

Kila mtu akautizama mkono wangu. Hapo alinipata Bi Mize, na alijua. Tangu asubuhi ile ya nazi nilikuwa nikiingoja siku ya kuingia kwenye harusi na mjukuu wangu mapajani, Makunduchi nzima waone kuwa nimerudi mzima. Nikaunyoosha mkono, nikaushika ukingo wa dirisha la gari, nikautikisa mpaka Bi Mize akarudisha kichwa ndani.

"Mkono mzima. Shusha sufuria nikuoneshe."

Shangazi asiyealikwa akacheka. Salma alikuwa amesimama kwenye ngazi ya baraza, kakishika kile kiti kwa mikono miwili. Nunu yuko kwangu, nimemshika kifundo.

"Mama," akasema Mbarouk, "si ulitupakata sisi sote? Tumekufa?"

"Nyinyi nilikupakateni njia ikiwa na gari mbili na ng'ombe. Leo ukifika Tunguu peke yake umepishana na gari za mchanga ngapi? Na kwa mkono huu nilidhani nimemshika mtoto, kumbe sina, nikiwa nimesimama kwenye ardhi isiyokwenda. Hebu kirudishe kiti ndani ya gari."

"Na biriani?"

"Biriani lipakatwe na Mize."

Mbarouk alinijia karibu, akateremsha sauti, kama alivyokuwa akifanya mdogo akitaka peremende kabla ya kula. Akanambia watu wanasubiri, bwana harusi keshatoka, yeye akimshusha mtu hapa itakuwa aibu, ni leo tu, kisha kiti kitarudi na hakitatoka tena mpaka Nunu aolewe. Alinishika bega. Jua lilikuwa limeshapanda na masufuria yanameta. Bi Mize akatoa tena kichwa dirishani kusikiliza.

"Sipakati mtoto ndani ya gari."